Matembezi ya Mazoezi kwa Ajili ya Mlima Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanakikundi wa Mombasa

Matembezi haya ni ya nini, na tunajiandaa kwenda wapi?

Tunajiandaa kukwea Mlima Kenya hadi Kilele cha Lenana, chenye kimo cha mita 4,985, kwa lengo la kuchanga fedha za kununulia viti vya magurudumu na viungo bandia vya watoto wenye ulemavu hapa pwani. Vilele viwili vilivyo juu zaidi, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, ni vya wakweaji wa kamba wenye ujuzi wa miamba, nasi hatuvigusi. Lenana hufikiwa kwa miguu, bila kamba, na mtu mwenye afya aliyejiandaa kwa uvumilivu. Maandalizi hayo ndiyo tunayoyafanya pamoja kila mwisho wa wiki, na ukurasa huu unajibu maswali ambayo wageni na wenyeji wa kikundi hutuuliza zaidi.

Sisi tunaishi usawa wa bahari. Je, mazoezi ya Mombasa yanaweza kumwandaa mtu kwa mlima wenye hewa haba?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila anayejiunga, na linastahili jibu kamili. Mazoezi ya Mombasa hayawezi kuuzoesha mwili kimo. Penye mita 4,985, shinikizo la hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la ukingoni mwa bahari, na mwili huanza kujirekebisha pale tu unapofika juu na kulala huko. Hakuna kukimbia ufukweni, kupanda ngazi za ghorofa wala kuzuia pumzi kunakoweza kuchukua nafasi ya usiku huo wa kulala juu. Zaidi ya hayo, wepesi wa mwili haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kijana mwenye mbio anaweza kuugua huku mama wa makamo anayetembea taratibu akipita salama, na mara nyingi kijana huugua kwa sababu ya mbio zake hizo.

Kinachowezekana hapa ni kujenga mambo mengine ambayo mlima utayadai: miguu inayoweza kutembea saa sita hadi nane kwa siku, kisha kuamka kesho yake na kuanza tena, magoti na mapaja yanayostahimili kuteremka, mabega yaliyouzoea mzigo, nyayo zilizokwisha kuelewana na viatu, na tabia ya kunywa, kula na kupumzika kabla mwili haujalalamika. Jambo ambalo sisi tunalipa uzito kuliko yote ni mwendo. Anayejifunza kutembea polepole bila kuona haya, na kusimama pamoja na mwenzake aliyechoka, anapanda na silaha kubwa kuliko anayejua kwenda haraka. Ndiyo maana katika matembezi yetu aliye wa polepole kuliko wote ndiye anayetangulia mbele, na kikundi kizima hufuata mwendo wake.

Tunakutana siku gani na saa ngapi?

Tunakutana kila Jumapili baada ya Swala ya Alfajiri, na kuondoka saa kumi na mbili kasorobo. Kuanzia mwezi wa tatu wa ratiba huongezwa Jumamosi, kwa sababu mwili unapaswa kuzoea kutembea siku mbili mfululizo. Tunachagua saa hizo kwa ajili ya jua: ifikapo saa tatu unusu lami ya mjini imeshapata moto, na faida ya mazoezi inaanza kuliwa na hatari ya kuzidiwa na joto.

Mombasa ni tambarare. Tunapanda wapi?

Kisiwa hakina milima, lakini kina miinuko midogo ambayo ikirudiwa mara nyingi hufanya kazi. Wiki za mwanzo tunaanzia mbele ya Fort Jesus, tunapita vichochoro vya Mji wa Kale, tunatokea Buxton na kuvuka Daraja la Nyali hadi Kongowea, kisha tunarudi. Mwinuko wa daraja ni mpole, lakini mtu akiuvuka na kurudi mara kadhaa akiwa na begi mgongoni ataelewa kwa nini tunaupenda. Njia ya pili inafuata Barabara ya Mama Ngina chini ya mibuyu hadi kivuko cha Likoni. Mteremko wa kuingilia kwenye feri ni mkali vya kutosha kuwa somo la kushuka kwa hatua fupi, na kwa kuwa waendao kwa miguu huvuka bila malipo, tunaweza kuurudia upande wa pili. Tunawaomba wanakikundi wasisimame katikati ya njia ya abiria. Watu wanakwenda kazini.

Njia ya tatu ni ufuo, kutoka Nyali kupitia Bamburi hadi Shanzu. Hii hupangwa kwa kufuata maji, si kwa saa. Maji yakipwa, mchanga ulio karibu na bahari huwa mgumu na mzuri kwa mwendo mrefu. Ule mkavu wa juu huzama chini ya unyayo na kuchosha misuli ya nyuma ya miguu kama changarawe za mlimani zinavyofanya, hivyo tunatembea kwa zamu juu ya wote wawili. Kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa petu hupita mita 3. Asiyejua hayo anaweza kwenda kwa miguu mikavu na kurudi akikuta maji yamefika kwenye kuta za hoteli.

Kupanda kwa kweli kunaanzia nje ya jiji. Barabara ya kutoka Kombani kwenda mji wa Kwale ina mwinuko mrefu usiokatika, na huo ndio mtihani wetu wa katikati ya ratiba. Katika Hifadhi ya Shimba Hills tunashuka hadi Maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa takriban mita 21, na kupanda tena. Huko tunaongozwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa sababu kuna ndovu na nyati, na mwenye bahati huwaona palahala, aina ya swala wakubwa, ambao nchini Kenya hawapatikani porini kwingine. Upande wa bara tunatumia vilima vya kati ya Mazeras na Rabai. Wengi hawakumbuki kuwa safari za wamishonari waliopeleka Ulaya habari za milima yetu yenye theluji zilianzia Rabai: Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro mwaka 1848, na Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwaka 1849, na wote wawili walibishiwa na wataalamu wa jiografia waliokuwa wamekaa makwao. Tunaposimama Rabai kupumzika huwa tunawakumbusha wanakikundi kwamba wapagazi na waongozaji wa safari hizo, ambao majina yao hayakupewa nafasi kubwa vitabuni, waliifahamu njia kabla ya hao wageni.

Mwisho wa yote ni safari ya siku mbili katika Milima ya Taita. Kilele cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200. Kimo hicho hakitoshi kuuzoesha mwili kwa Lenana, lakini kinatosha kumwonyesha mtu wa pwani baridi ya asubuhi, ukungu na njia ya matope kwa siku moja.

Ratiba inachukua muda gani, na umbali unaongezeka vipi?

Ratiba ni ya wiki 16. Inaanza mwishoni mwa Aprili ili safari yenyewe iwe mwezi wa Agosti, kwa kuwa vipindi vya ukavu mlimani huwa Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba. Kwa bahati njema hilo linatupa majira ya Kusi kwa mazoezi, wakati upepo ni wa baridi kuliko wa Kaskazi. Tunaanza na kilomita 6 hadi 8 bila mzigo. Kila wiki tunaongeza kidogo, na kila wiki ya nne tunapunguza ili mwili upumzike na kujijenga. Katika wiki ya 12 mwanakikundi anatarajiwa kutembea kilomita 20 Jumamosi akiwa na begi, na kilomita 12 Jumapili inayofuata. Wiki mbili za mwisho tunapunguza sana. Kila mwaka wapo wanaotaka kufidia siku walizokosa kwa kujitwisha safari ndefu katika wiki hizo mbili. Tunawakataza, kwa sababu mazoezi ya wiki ya mwisho humfikisha mtu mlimani akiwa amechoka, wala hayamwongezei nguvu.

Katikati ya juma kila mtu ajifanyie mwenyewe mara mbili au tatu: nusu saa ya kutembea kwa kasi, na kupanda na kushuka ngazi. Anayeishi au kufanya kazi ghorofani ana uwanja wa mazoezi mlangoni pake. Asichukue lifti ya kushukia, kwa maana kushuka ndiko kunakotayarisha mapaja. Maumivu makali yanayowapata watu siku ya pili baada ya mlima hutokana zaidi na kuteremka kuliko kupanda, kwa sababu misuli hulazimika kujizuia huku ikinyooka.

Mtu wa mlimani anahesabu vipi muda wa safari?

Kanuni inayotumika sana ni ya mkwea milima wa Scotland, William Naismith, aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka kambi ya Shipton, tutakakolala kabla ya kilele, hadi Lenana ni takriban mita 785 za kupanda, kwa hiyo kupanda kwenyewe tu kunaongeza zaidi ya saa moja na robo. Hata hivyo, gizani na penye hewa haba, kundi kama letu lipange saa nne hadi tano. Asiyeamini atakuwa wa kwanza kuharakisha, na wa kwanza kuketi.

Sijawahi kufanya mazoezi, na umri wangu umesogea. Je, nitawachelewesha wengine?

Karibu. Tuna wazee wetu walioanza wakishindwa kumaliza Daraja la Nyali bila kusimama, na sasa vijana huwaomba waongoze msafara. Kumchelewesha mwenzako si kosa katika kikundi hiki. Kosa ni kujikaza kimya kimya hadi uanguke, au kumwacha mwenzako nyuma kwa kuwa wewe miguu yako ina nguvu. Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuimaliza, punguza, na umwambie aliye mbele yako naye apunguze. Nyuma ya msafara daima hubaki kiongozi mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kutembea nyuma yake.

Tunachokuomba ni mahudhurio. Tumewaona watu wasio na umbo la kimichezo wakifanikiwa kwa kutokosa Jumapili, na tumewaona wenye misuli wakirudia njiani kwa kutegemea nguvu za zamani. Ukikosa wiki moja au mbili kwa safari au msiba, rudi pale ulipoachia. Aliyekosa zaidi ya theluthi moja ya matembezi tutamshauri asubiri mwaka unaofuata, na tutamwambia hivyo kwa upendo, uso kwa uso.

Begi liwe na uzito gani?

Mlimani wapagazi watabeba mizigo mikubwa, na wewe utabeba maji, chakula cha njiani, koti la mvua na nguo za joto, ambavyo kwa jumla hufika kilo 6 hadi 8. Anza na kilo 2 katika wiki ya nne na uongeze taratibu. Uzito mzuri wa mazoezi ni chupa za maji: ukipanda umebeba na ukafika juu, mwaga sehemu yake kabla ya kushuka, na magoti yako yatapumzika. Hakikisha mkanda wa kiunoni umefungwa ili uzito ukae nyongani, usining'inie mabegani.

Nivae viatu gani, na nguo za baridi nitazipata wapi katika jiji hili?

Wengi wetu hapa tumezoea kutembea na malapa au makubadhi mwaka mzima, na ngozi ya nyayo zetu, ingawa ni ngumu chini, haijazoea kusuguliwa juu na kisiginoni. Kwa hiyo nunua mabuti mapema, yakiwa makubwa kwa nusu saizi hivi, na uyavae katika matembezi yote kuanzia wiki ya sita. Yajaribu jioni, wakati mguu umevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nene utakazozitumia. Kucha zikatwe fupi, kwa sababu wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu. Ukihisi mahali panachoma, simama hapo hapo upabandike plasta. Lengelenge lililozuiwa haligharimu kitu, na lililopasuka kwenye siku ya pili ya mlima linaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Kuhusu nguo, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo siku ambayo Mombasa ina nyuzi 30, alfajiri ya Lenana huwa chini ya sifuri. Soko la mitumba la Kongowea lina makoti mazito ambayo huku pwani yana wanunuzi wachache, na mwenye subira huondoka na kitu kizuri kwa bei nafuu. Tafuta nguo za tabaka: ya ndani inayokauka upesi, ya kati ya sufu au kitambaa cha manyoya mepesi, na ya nje isiyopitisha mvua wala upepo. Fulana na jinzi za pamba ziache nyumbani. Pamba ikilowa jasho hubaki na maji na kukuibia joto. Kofia ya kufunika masikio, glavu, na taa ya kichwani yenye betri za akiba ni vya lazima.

Tunywe na tule nini wakati wa mazoezi?

Kunywa kabla ya kuondoka, kisha kidogo kidogo njiani, kwa kuongozwa na kiu na rangi ya mkojo. Anayetoka jasho jingi anapoteza pia chumvi, na kujaza tumbo maji matupu kwa saa nyingi kunaweza kuishusha chumvi ya damu hadi kuwa hatari. Kwa safari inayozidi saa mbili tunachanganya wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Madafu ni mazuri na tunayanywa kwa furaha, lakini yana sodiamu kidogo, kwa hiyo uyanywe pamoja na kitu cha chumvi. Chakula kiwe cha kuliwa ukitembea: tende, korosho, ndizi, kashata, kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mahamri na mbaazi tunayaweka mwisho wa safari.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kukakamaa kwa misuli. Mwenye dalili hizo akae kivulini, alowanishwe na apepewe. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura ya hospitali, na upoaji unaendelea wakati gari linatafutwa.

Chupa ziwe za kutumika tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa nchini, na chupa hizo hazitaruhusiwa kwenye lango la mlima.

Ratiba inakuwaje Ramadhani ikiingia, na vipi kuhusu swala njiani?

Safari ya mlima haipangwi kamwe ndani ya Ramadhani. Matembezi yakikutana na mwezi huo, tunatembea jioni kwa muda mfupi na mwendo mwepesi, tukimalizia karibu na futari, au baada ya Tarawehe kwa wanaopenda. Hatuongezi umbali mwezi huo. Tunalinda tu tulichokijenga. Katika safari ndefu vituo hupangwa kwa kufuata nyakati za swala, na wasioswali hupumzika wakati huo. Maswali kama kutayamamu kwenye baridi kali, au kukusanya na kufupisha swala safarini, muulize sheikh wako kabla ya safari, ili usibaki na wasiwasi ukiwa juu.

Je, ni lazima kumwona daktari?

Ndiyo, kwa kila mmoja, kabla ya wiki ya sita. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo anaweza kuruhusiwa au kukataliwa kulingana na hali yake, na mjamzito hatumchukui juu.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulitilia mkazo, nalo ni seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Vinasaba vyake vimeenea katika jamii nyingi za hapa, na wengi wanaovibeba hawajui, kwa kuwa mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui. Aliye na ugonjwa wenyewe asipande, kwa maana upungufu wa oksijeni huweza kuleta maumivu makali na madhara makubwa. Aliyerithi upande mmoja naye anaweza, ingawa ni nadra, kupata madhara ya wengu akiwa kwenye kimo kikubwa. Kipimo ni cha damu tu. Tunaomba kila mwanakikundi akifanye, na majibu yake ni siri yake na ya daktari. Sisi tunahitaji tu barua inayosema kwamba anaruhusiwa.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini, na tutajikinga vipi?

Huanza kwa kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, uchovu na usingizi mbaya, mara nyingi kuanzia mita 2,500 kwenda juu. Ukiwa na dalili hizo hupandi zaidi hadi ziishe. Zikizidi, unashuka. Kuna hali mbili zinazoua: maji kujaa mapafuni, ambapo mtu huhema hata akiwa ameketi na kukohoa, na ubongo kuvimba, ambapo hupepesuka kama mlevi na kuchanganyikiwa. Hapo hakuna kungoja asubuhi, anashushwa usiku huo huo.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, pamoja na siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Njia ya Sirimon, tutakayoitumia, ina kambi ya Old Moses kwenye takriban mita 3,300 na ya Shipton kwenye takriban mita 4,200, na kati yao pengo ni kubwa kuliko ushauri huo. Kampuni nyingi huuza safari ya siku nne. Sisi tumeikataa. Tunalala kwanza Nanyuki, kisha usiku mbili Old Moses, tukipanda mchana na kurudi kulala chini, halafu usiku mbili Shipton kabla ya kilele. Inagharimu zaidi, na kwa watu wanaotoka usawa wa bahari hatuoni njia nyingine ya haki. Dawa ya asetazolamidi, inayojulikana kwa jina la Diamox, husaidia baadhi ya watu; itumike kwa ushauri wa daktari, na isimpe mtu ujasiri wa kuharakisha.

Wanawake, na watoto?

Viongozi wetu ni wanawake na wanaume, na daima kuna mwanamke kati ya wanaotembea mbele au nyuma. Mavazi ya stara hayazuii kitu. Wengi hutembea kwa suruali pana, gauni fupi juu yake na mtandio mwepesi usiofyonza jasho. Mlimani mahema ya wanawake yako peke yake. Vijana wa miaka 14 hadi 17 wanakaribishwa kwenye matembezi ya mjini wakiwa na mzazi au mlezi. Mlimani tunachukua walio na miaka 18 na zaidi.

Mvua ya masika ikinyesha?

Tunatembea. Tunaahirisha tu kukiwa na radi au barabara zikifurika.

Fedha zinakwendaje?

Kila mshiriki anajilipia gharama zake mwenyewe: usafiri, ada ya hifadhi inayolipwa kwa KWS, waongozaji, wapagazi na chakula. Ada hiyo haichanganywi na mchango, na kila moja ina akaunti yake. Mchango unaoletwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzako, kwa M-Pesa au kwa mkono, unaandikwa kwa jina la aliyetoa, na hesabu yote inasomwa mbele ya wanakikundi kila mwezi. Wapagazi hatuwapunji; tunalipa malipo ya haki, tunakagua kama wana makoti na viatu, na hatumbebeshi mtu kilichowazidi wenzake.

Nisipofika kileleni, walioahidi kunichangia watadai fedha zao?

Hapana, na tunakuomba ulieleze hili tangu siku ya kwanza unapoomba mchango. Fomu yetu ya ahadi haitaji kilele. Mchangiaji anatoa kwa ajili ya watoto, akiunga mkono wiki 16 za kutembea na safari ya mlimani, popote itakapoishia. Tuliiandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtu anayehisi kwamba kiti cha mtoto kinategemea hatua zake za mwisho ataficha maumivu ya kichwa, atamdanganya mwongozaji, na ataendelea kupanda akiwa anapaswa kushuka. Mwongozaji akisema rudi, unarudi, na anayekusindikiza kushuka amefanya kazi sawa na aliyepiga picha juu.

Nikitaka kuanza, nifanye nini?

Fika Jumapili yoyote mbele ya Fort Jesus kabla ya saa kumi na mbili kasorobo, ukiwa na viatu vya kufunga, lita moja ya maji na namba ya simu ya mtu wa nyumbani kwako. Matembezi mawili ya kwanza hayana ada wala ahadi. Baada ya hapo utajaza fomu, utapewa barua ya kumpelekea daktari, na utapangiwa mwenza wa kutembea naye, ambaye atakupigia Jumamosi jioni kuhakikisha kwamba unakuja.